Siku ya Cheti: Watu wa Ruziba Waliofika Ulyankulu



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona tueleze habari za cheti cha uraia, karatasi ambayo wazee wetu wengi hawakujaliwa kuishika.

Baadhi ya wazee tuliowazika hapa Ulyankulu walitoka Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge. Walikimbia mauaji ya mwaka 1972. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa mwaka huohuo, Katumba 1973, Mishamo 1978. Tulifyeka pori, tukalima mahindi, mihogo na tumbaku. Lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, na mtoto aliyezaliwa hapa aliandikwa mkimbizi kama baba yake.

Juni 1993 Melchior Ndadaye aliposhinda uchaguzi, wengine walianza kufunga mizigo. Oktoba akauawa. Hata ndugu waliobaki Ruziba walionja kambi: Septemba 1999 serikali ya huko iliwakusanya kwa nguvu watu wa viunga vya Bujumbura, na Ruziba ikawa mojawapo ya kambi hizo.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walikubaliana kwamba watu wa 1972 wachague: kurudi au kuomba uraia. Kati ya kila watu kumi, wanane hivi waliomba uraia. Wasiotujua walidhani ni jambo jepesi. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, basi ilibidi kuukana ule wa Burundi. Mzee aliyeacha shamba la baba yake Ruziba aliweka dole gumba bila kusema neno.

Mwaka 2010 maombi 162,156 yalikubaliwa. Vyeti havikutoka, maana ulikuwapo mpango wa kututawanya kwanza katika mikoa mingine. Miaka minne tuliishi hivyo: Burundi tumeikana, na cha kuonyesha kuwa ni Watanzania hatuna. Wapo waliofariki katikati.

Tarehe 14 Oktoba 2014, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, Rais Jakaya Kikwete alikabidhi vyeti mkoani kwetu Tabora. Wengi wetu tulipata vyetu baadaye, kwa foleni. Kina mama walivifunga kwenye mifuko ya plastiki, visije vikalowa.

Mwaka 2015 tulijiandikisha kupiga kura. Bibi mmoja wa hapa aliulizwa alikozaliwa. Akajibu, Ruziba. Karani hakupajua, ikabidi mjukuu amtajie herufi moja moja.