Dawa ya kuzuia mimba kwa wanaume: kwa nini inachelewa?

Kidonge cha wanawake cha kuzuia mimba kiliruhusiwa Marekani mwaka 1960. Dawa ya homoni ya wanaume haijafika sokoni mpaka leo, hata kama ilishajaribiwa mara nyingi.

Mwaka 1990, shirika la afya duniani, OMS, lilitoa matokeo ya utafiti juu ya wanaume 271 katika nchi 7. Kila wiki walichomwa sindano ya testosteroni, homoni ya kiume. Homoni hiyo ikizidi katika damu, ubongo huacha kuamuru korodani zitengeneze mbegu. Wanaume 157 walibaki bila mbegu, wakategemea sindano peke yake mwaka mzima. Mimba 1 tu ilipatikana. Lakini sindano ya kila wiki inachosha.

Baadaye wanaume 320 walijaribu sindano ya kila wiki 8. Mwaka 2011 utafiti ulisimamishwa kwa sababu ya huzuni na maudhi mengine. Matokeo yalipotoka 2016, wanawake wengi walisema maudhi kama hayo wao wanayavumilia tangu zamani.

Mwaka 2018 ilianza kujaribiwa jeli ya kupaka mabegani kila siku, hata Kenya.

Kwa sasa mwanaume ana kondomu, ambayo inakinga pia ukimwi, ao kufungwa mirija ya mbegu. Hata kambini, chini ya hema, mzigo wa kupanga uzazi usiachiwe mama peke yake. Baba amsindikize kwenye kituo cha afya.