Shujaa

Neno "shujaa" limetoka Kiarabu, na huko ni sifa tu: jasiri, hata awe hai anakunywa kahawa. Sisi tumelibana. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa nchini Tanzania, sherehe ikiangukia Dodoma, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mashujaa wa siku hiyo ni marehemu. Baadhi yao, wa Vita vya Kagera vya 1978–1979, wamelala Kaboya, Muleba, mbali na vumbi la Dodoma. Waliorudi hai tunawaita "wastaafu", neno la ofisini. Na mjane aliyelea watoto kwa uwele na mtama? Huyo ni "mke wa marehemu". Mimi ningemwita shujaa leo, angali anasikia.