Hamsini ya Sepuka ni ya nani?



Juzi nilikuwa kwenye Noah kutoka Singida mjini kwenda Sepuka. Tulipoingia kwenye makazi dereva akapunguza mwendo. "Hapa ni hamsini," akasema. Hata hajamaliza, gari moja la serikali likatupita kama mshale. Halikuwa na king'ora wala taa za dharura. Mbuzi wakakimbilia kando, na mtoto mwenye dumu la maji akarudi nyuma hatua tatu. Dereva wetu akacheka kwa uchungu: "Hao hamsini yao haipo."

Sitalitaja lilikuwa la ofisi gani. Ila maneno yale yamenifanya nirudi kwenye historia.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa magari yanayozidi kilo 3,500. Kwa miaka mingi huku kwetu sheria hiyo haikuhitaji askari, mashimo yalitosha! Lami ndiyo iliyoleta mwendo, na mwendo ukaleta misiba. Miaka ya 1990 mabasi yakaamriwa kufunga vidhibiti mwendo na kupigwa marufuku kusafiri usiku, marufuku iliyodumu hadi 2023. Miaka ya 2010 tochi za trafiki zikatapakaa barabara kuu. Siku hizi basi la mkoani lina kifaa kinachotuma mwendo wake LATRA.

Sipingi hata kimoja katika hivyo. Ninachouliza ni hiki: mbona karibu kila kilipotokea kilio, kamba ilikazwa kwa dereva wa basi? Mwenye gari la PT au STK anakazwa na nani?

Siyo kwamba wakubwa hawafi barabarani. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitoka bungeni Dodoma. Alikuwa na umri wa miaka 45. Sisemi mwendo wa msafara ndio uliomuua, maana gari lake liligongana na la dereva mwingine. Nasema ulinzi na heshima ya msafara havikuweza kuzuia chuma kugonga chuma. Na huyu ndiye aliyeongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, akitufundisha kwamba cheo si kinga.

Mwaka huohuo wa 1984 haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba. Ibara ya 13 inatuambia watu wote ni sawa mbele ya sheria. Haikusema isipokuwa barabarani.

Kwetu waandishi jambo hili si la mbali. Januari 11, 2022, wenzetu waliokuwa kwenye ziara ya Mkuu wa Mkoa wa Mwanza walipata ajali Busega, Simiyu. Watu 14 walifariki, wakiwemo waandishi wa habari. Tangu hapo, kila ninapopanda gari la kufuata msafara wa mkubwa, nawakumbuka.

Sasa tumwangalie dereva wa kawaida. Amejifunza nini? Kwamba hamsini ni mtu, siyo sheria. Anawashiwa taa na mwenzake, anajua trafiki yuko mbele, anapunguza. Akishampita, anakanyaga mafuta kufidia. Tunamwita mkorofi, lakini somo hilo amelipata kwa wanaomsimamisha. Na breki haisomi namba ya gari: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne.

Hakuna anayebisha kwamba zimamoto, gari la wagonjwa au polisi wanaowahi tukio wapishwe. Lakini dharura ni kazi, siyo kibao cha namba. Uingereza, mwaka 2003, askari mmoja aliendesha gari la polisi maili 159 kwa saa, karibu kilomita 256. Kamera ya ndani ya gari lake mwenyewe ndiyo iliyomuumbua. Alijitetea kuwa alikuwa analizoea gari jipya. Mahakama ilimwachia 2005, na 2006 Mahakama Kuu ikaamuru kesi isikilizwe upya. Iliendelea kupanda na kushuka mahakamani, lakini jambo kubwa ni kwamba askari aliulizwa.

Nasi tuanzie hapo. Kifaa kilekile cha mabasi kiwe kwenye kila gari la umma, la polisi likiwa la kwanza, na taarifa zake zisomwe na mtu ambaye si bosi wa dereva. Trafiki akishaona mwenzake ameandikiwa faini, tochi yake itaheshimika hata akiwa hayupo barabarani.

Tulifika Sepuka salama. Nilipokuwa nalipa nauli, dereva akaniambia: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Liandike hili."

Nimeliandika, kaka. Nawasilisha.