Akaunti Zilipofungwa: Bitcoin na Harakati za Vijana wa Nigeria

Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ilikuwa siasa kabla ya kuwa biashara. Tangu mwaka 1992 wataalamu wa kompyuta wa California waliojiita Cypherpunks walijadiliana namna ya kumkinga raia dhidi ya serikali na makampuni yanayofuatilia kila anacholipia. Tarehe 31 Oktoba 2008 aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hajajulikana hadi leo, alisambaza andiko la kurasa 9 lililoeleza jinsi watumiaji wenyewe wangetunza daftari moja la malipo bila benki katikati. Daftari lilipofunguliwa Januari 2009, ndani ya kumbukumbu yake ya kwanza kulipachikwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times kuhusu mpango wa serikali ya Uingereza wa kuziokoa benki kwa mara ya pili. Wengi wanaamini kuwa muasisi alichagua maneno hayo kwa makusudi.

Mtihani wa kwanza ulikuja Desemba 2010. Tovuti ya kufichua siri ya WikiLeaks ilikuwa imechapisha nyaraka za kibalozi za Marekani, na Visa, MasterCard na PayPal zikaikatia huduma. Satoshi mwenyewe aliomba bitcoin isitumike kuikwamua, kwa kuwa ilikuwa bado changa. Hata hivyo, kufikia katikati ya 2011 WikiLeaks ilikuwa ikipokea michango kwa njia hiyo.

Lakini ni Nigeria iliyoonyesha vizuri zaidi maana ya malipo yasiyopitia benki kwa watu wa kawaida. SARS, kikosi cha polisi cha kupambana na ujambazi kilichoundwa 1992, kilituhumiwa kwa miaka mingi kutesa, kuua na kuwapora vijana; simu nzuri au nywele za rasta zilitosha kumfanya mtu asimamishwe barabarani. Oktoba 2020 vijana walijaa mitaani kudai kivunjwe. Feminist Coalition, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa Julai mwaka huohuo, kilichangisha fedha za mawakili, matibabu, magari ya wagonjwa na chakula, na kilitangaza matumizi yake hadharani. Kwa harakati yoyote ile, uwazi wa namna hiyo ni wa kupigiwa mfano.

Siku chache baadaye njia zao za kupokea fedha kupitia benki zilifungwa. Wakahamia kwenye bitcoin, wakitumia BTCPay Server, programu huria ambayo mtumiaji huiendesha mwenyewe na ambayo humpa kila mchangiaji anwani mpya. Walioko ng'ambo waliweza kuchangia bila benki yoyote kuulizwa. Kikundi kilisitisha uchangishaji tarehe 22 Oktoba, siku mbili baada ya askari kuwafyatulia risasi waandamanaji kwenye lango la tozo la Lekki, Lagos. Kilikuwa kimekusanya zaidi ya naira milioni 147, zikiwemo zilizoingia kwa bitcoin.

Udhaifu ulikuwa mwisho wa safari. Hospitali na wapishi wa Lagos walitaka naira, na naira hupita benki. Hapo ndipo serikali ilipokaza mkono. Novemba mahakama ya Abuja, kwa ombi la Benki Kuu, ilizuia akaunti 20 za watu na taasisi zilizohusishwa na maandamano. Tarehe 5 Februari 2021 Benki Kuu iliziamuru benki zote zifunge akaunti za wanaofanya biashara ya sarafu za kidijitali. Serikali ilipoifungia Twitter Juni mwaka huo, ilimlaumu pia mkuu wa kampuni hiyo, Jack Dorsey, kwa kuhimiza michango ya bitcoin kwa waandamanaji.

Katazo la Benki Kuu halikuua umiliki wa bitcoin. Wanigeria waliendelea kuuziana moja kwa moja, mmoja akituma naira kwa akaunti ya mwenzake, mwingine akiachia bitcoin, huku thamani ya naira ikizidi kuporomoka. Desemba 2023 Benki Kuu ililegeza amri yake: benki ziliruhusiwa kuzihudumia kampuni za sarafu hizo, kwa masharti ya leseni na utambulisho.