Wavu wa Waya Uliotuliza Upepo

Mwaka 1912 maabara ya Gustave Eiffel mjini Paris na ile ya Ludwig Prandtl mjini Göttingen, Ujerumani, zilipima ukinzani wa hewa dhidi ya tufe, zikapata matokeo yaliyopishana kwa zaidi ya mara mbili, kiasi kwamba huko Göttingen ilidhaniwa Eiffel amekosea hesabu. Mwaka 1914 Prandtl alionyesha kwamba msukosuko, yaani mizunguko midogomidogo isiyo na mpangilio, ukiingia katika tabaka jembamba la hewa linalogusa tufe, hulifanya tabaka hilo ling'ang'anie uso kwa muda mrefu zaidi, na ukinzani ukapungua ghafla. Kwa hiyo handaki la upepo la kila maabara, ambamo feni huipitisha hewa juu ya vielelezo vya ndege, lilikuwa likipima pia machafuko yake lenyewe.

Dawa ikawa vizuizi vyenye matundu. Sega, yaani mirija mifupi iliyobanwa pamoja, huvunja mzunguko mkubwa unaotoka kwenye feni. Wavu wa waya hufanya kazi fiche zaidi, kwa kuwa upotevu wa shinikizo huongezeka karibu na mraba wa kasi, hivyo mkondo wa mbio huzuiwa zaidi kuliko wa polepole, na ule unaokuja mshazari hupindishwa uelekee mbele. Ajabu ni kwamba wavu huohuo huzaa mizunguko mipya nyuma ya kila waya, ila hiyo ni midogo mno na hufa upesi.

Watafiti Hugh Dryden na Galen Schubauer walieleza mwaka 1947 kwamba nyavu kadhaa hafifu zilizopangwa mfululizo hushinda wavu mmoja mzito, kwa sababu kila mmoja hupunguza sehemu ya msukosuko ulioachwa na uliotangulia, na miaka miwili baadaye G. I. Taylor na George Batchelor wakaipa kazi ya wavu nadharia yake.

Faida kubwa, hata hivyo, ilikwishapatikana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika taasisi ya viwango ya serikali mjini Washington. Wajerumani Walter Tollmien na Hermann Schlichting walikuwa wamebashiri kwa hesabu mawimbi madogo yanayotangulia msukosuko, lakini wengi nje ya Ujerumani hawakusadiki, kwani hakuna aliyewahi kuyaona. Nyavu ziliposhusha msukosuko wa handaki chini ya asilimia 0.1 ya kasi ya upepo, Schubauer na Harold Skramstad waliyapima mawimbi hayo waziwazi.