Falsafa ya Ushambuliaji

Falsafa ya ushambuliaji ni imani ya msingi ya kocha kuhusu namna timu yake inavyopaswa kupata pointi: mpira usogezwe kwa njia gani, kwa kasi gani, na hatari ipi ikubaliwe au iepukwe. Istilahi hii ni ya futiboli ya Marekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Hutumika zaidi katika timu za vyuo vikuu, ambako kocha mmoja anaweza kukaa miaka 20 na zaidi akishikilia imani ileile. Mara nyingi husikika katika malalamiko ya mashabiki, ikifuatwa na maneno "iliyopitwa na wakati". Ili malalamiko hayo yaeleweke kwa Kiswahili, kila neno la istilahi hii linahitaji kupimwa peke yake.

Neno la kwanza ni ushambuliaji. Kwa msomaji wa habari za soka, safu ya ushambuliaji ni wachezaji wawili watatu wa mbele, na timu moja hushambulia na kujilinda ndani ya dakika hiyohiyo. Futiboli ya Marekani haiendi hivyo. Timu ina kikosi cha ushambuliaji cha watu 11 kinachoingia uwanjani inapokuwa na mpira, na kikosi kingine cha watu 11, cha ulinzi, kinachoingia mpira ukiwa kwa wapinzani. Hivyo ushambuliaji ni lolote linalofanywa na timu yenye mpira, hata kama inapoteza muda tu ili saa iishe. Wapo wanaopendelea kutohoa neno la Kimarekani na kusema "ofensi", lakini ushambuliaji linatosha, mradi panapohitajika litanguliwe na "kikosi cha", ili msomaji asidhani wanazungumziwa washambuliaji wa soka.

Kikosi hicho hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, yaani takriban mita 9. Kikifaulu hupewa manne mengine. Kikishindwa, mpira huchukuliwa na wapinzani pale pale ulipoishia. Kwa kuhofia hilo, jaribio la nne mara nyingi hutumika kuupiga mpira teke la mbali ili wapinzani waanzie karibu na goli lao. Teke hilo linafaa kuitwa butuo, kutokana na kitenzi kubutua kinachojulikana na kila mtangazaji wa soka. Mpira ukifikishwa katika eneo la goli la wapinzani hiyo ni tachidauni, yenye pointi 6 na nafasi ya kuongeza. Mkwaju unaopita kati ya milingoti una pointi 3. Mwenye mpira akiangushwa ndani ya eneo la goli lake mwenyewe, wapinzani wake hupata pointi 2.

Neno la pili, falsafa, halina budi kutengwa na majirani zake wawili. Mfumo ni mpangilio wa wachezaji uwanjani, kama vile katika soka husemwa mfumo wa 4-3-3. Mbinu ni hila inayopangwa kwa ajili ya mpinzani fulani au hali fulani ya mchezo. Falsafa ndiyo inayovizaa vyote viwili. Kocha anaweza kubadili mbinu kila wiki na mfumo kila msimu, na falsafa yake ikabaki vilevile. Waandishi wa michezo wa Afrika Mashariki hulitumia neno hili hivyohivyo wanaposema kocha mpya amekuja na falsafa yake, na mashabiki wa Simba walipouita mchezo wa timu yao "pira biriani" walikuwa wakitaja falsafa, wala si mpangilio wa namba.

Falsafa kongwe kuliko zote katika futiboli ya Marekani ni ya kukimbia na mpira. Mwanzoni hapakuwa na nyingine, kwa kuwa kurusha mpira mbele kulikatazwa. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji vilimfanya Rais Theodore Roosevelt awaite viongozi wa vyuo Ikulu, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa: pasi ya mbele ikaruhusiwa, lakini pasi isiyodakwa ikawa na adhabu kali. Jaribio la nne liliongezwa mwaka 1912. Adhabu ya pasi ililegezwa baadaye, lakini hofu yake haikuondoka. Vizazi vya makocha vilifundishwa kwamba pasi ni kamari, kwani inaweza kuanguka bure au kunaswa na adui, ilhali mkimbiaji anayeukumbatia mpira kifuani huupoteza kwa nadra.

Imani hiyo ilipata jina lake maarufu katika zama za Woody Hayes, kocha wa Ohio State kuanzia 1951 hadi 1978, aliyetwaa mataji 13 ya ligi ya Big Ten. Mchezo wake uliitwa "yadi tatu na wingu la vumbi". Tafsiri hii ya neno kwa neno inakubalika, kwa sababu picha yake inajieleza: mkimbiaji anajitosa katikati ya kundi la watu wazito, wote wanaanguka, vumbi linatimka, na mpira umesogea yadi tatu tu. Nguvu ya falsafa hiyo iko katika hesabu. Yadi tatu mara nne ni 12, yadi mbili zaidi ya zinazotakiwa, kwa hiyo timu inayopata yadi tatu kila mara hainyang'anywi mpira kamwe. Udhaifu wake uko katika hesabu hiyohiyo. Yadi tatu mara tatu ni tisa, na kocha anayeogopa kulitumia jaribio la nne atabutua akiwa amepungukiwa na yadi moja.

Upande wa pili ni falsafa ya kutandaza wachezaji upana mzima wa uwanja na kurusha pasi nyingi. Tawi lake linalojulikana zaidi ni lile ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa mashambulizi ya anga. Lilikuzwa na Hal Mumme na msaidizi wake Mike Leach katika chuo kidogo cha Iowa Wesleyan, mjini Mount Pleasant, kati ya 1989 na 1991. Wapinzani wakilazimika kutawanyika ili kumfuata kila mpokeaji, nafasi huzaliwa katikati, na timu yenye vijana wadogo wa miili huweza kuzishinda timu za majitu. Katika miaka ya 2000 mawazo hayo yalienea nchi nzima, na timu iliyobaki na yadi tatu na vumbi lake ikaanza kuonekana kama mtu anayeandika barua kwa mashine ya taipu katika ofisi yenye kompyuta.

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi hasira ya mashabiki kimetokea katika jimbo hilohilo la Iowa, chini ya kilomita 100 kutoka Mount Pleasant. Kirk Ferentz ameifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Iowa tangu msimu wa 1999. Falsafa yake ni ya ulinzi mkali, mateke mazuri na ushambuliaji usiofanya makosa. Kuanzia 2017 kocha wa ushambuliaji alikuwa mwanawe, Brian Ferentz, na kwa kuwa kanuni za chuo zilizuia upendeleo wa kindugu, msimamizi wake kikazi alikuwa mkurugenzi wa michezo, si baba yake. Mfumo wao ulitambulika kwa mbali: kotabeki, yaani mchezaji anayeanzisha kila shambulizi, akisimama mgongoni mwa mchezaji wa katikati, wachezaji wazito wakijazana karibu na mpira, na mfungua njia akimtangulia mkimbiaji. Mtazamaji wa jukwaani aliweza kubashiri kitakachofuata, na ulinzi wa wapinzani vilevile.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 2022 imebaki kuwa kielelezo. Iowa iliifunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni hata moja. Pointi tatu zilitokana na mkwaju, na nne zilizobaki zilitafutwa na kikosi cha ulinzi, kilichomwangusha mpinzani ndani ya eneo lake la goli mara mbili. Kikosi cha ushambuliaji kilibutua mara kumi. Aliyebutua alikuwa Tory Taylor kutoka Australia, ambaye mwaka 2023 alivunja rekodi ya vyuo ya jumla ya yadi za butuo kwa msimu, iliyokuwa imedumu tangu 1938. Katika soka kubutua ni tendo la beki aliyebanwa. Katika uwanja wa Kinnick wa Iowa, wenye nafasi za watu wapatao 69,000, butuo la Taylor lilishangiliwa kama goli, na fulana za kusifu butuo zikavaliwa. Shangwe hizo zilikuwa na kejeli ndani yake: shabiki alishangilia kile pekee ambacho ushambuliaji wake ulikizalisha kwa wingi.

Msimu huo wa 2022 Iowa ilipata wastani wa pointi 17.7 kwa mechi. Februari 2023 chuo kilirekebisha mkataba wa Brian Ferentz: mshahara ulipunguzwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na akawekewa sharti la timu kufikisha wastani wa pointi 25 na kushinda mechi saba. Sharti lilihesabu pointi zote za timu, hata zinazofungwa na kikosi cha ulinzi. Hivyo falsafa, jambo la imani, iligeuzwa kuwa namba, na kila Jumamosi mashabiki walikaa na kikokotoo. Mwishoni mwa Oktoba ilitangazwa kwamba kocha huyo hangeendelea baada ya msimu. Timu ilimaliza na wastani wa pointi 15.4, ya mwisho katika daraja la juu la vyuo kwa idadi ya yadi zilizosogezwa.

Hata hivyo, msimu huohuo wa 2023 Iowa ilishinda mechi kumi na kufika fainali ya Big Ten. Hapa ndipo malalamiko haya yanapotofautiana na hasira ya kawaida ya kufungwa. Mashabiki walilalamika huku wakishinda, na hoja yao ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, ulinzi bora wa namna ile ni mali isiyopatikana kila mwaka, na ushambuliaji ulikuwa ukiitumia mali hiyo kununua ushindi wa 10–7. Pili, timu isiyojua kufunga haina pa kukimbilia inapotanguliwa. Hoja ya pili ilithibitika katika mechi mbili za mwisho, Michigan iliposhinda 26–0 na Tennessee 35–0. Watetezi wa kocha mkuu nao wana jibu lenye uzito: falsafa hiyo ndiyo iliyompatia ushindi mwingi kiasi kwamba mwaka 2025 alimpita Hayes mwenyewe katika orodha ya makocha wa Big Ten.

Kutokana na kisa hiki, maneno "iliyopitwa na wakati" yanafaa kutafsiriwa kwa uangalifu. "Ya kizamani" hutaja umri tu, na umri si kosa. Kukimbia na mpira ni kwa kizamani na bado kunafaa. "Iliyochakaa" hudokeza kitu kilichotumika hadi kikaisha nguvu, jambo ambalo timu yenye ushindi wa mechi kumi inaweza kulikanusha. "Iliyopitwa na wakati" ndiyo tafsiri sahihi zaidi, kwa sababu inasema kwamba mazingira yamesogea na imani imebaki ilipokuwa. Hofu ya pasi ilikuwa busara pale pasi ilipoadhibiwa na sheria na warushaji walipokuwa wachache. Siku hizi kotabeki hufundishwa kurusha tangu utotoni, na sheria humlinda mrushaji na mpokeaji.

Msimu wa 2024 ulisaidia kuzitenga istilahi zenyewe. Kocha mpya wa ushambuliaji, Tim Lester, alileta mfumo ambao wachezaji wake huhamahama kabla mpira haujaanzishwa ili kuwachanganya walinzi. Iowa ikavuka wastani wa pointi 25, na ilifanya hivyo hasa kwa kukimbia: Kaleb Johnson peke yake alikimbia zaidi ya yadi 1,500. Kocha mkuu hakubadilika, wala imani yake juu ya ulinzi na mateke. Kilichobadilika kilikuwa mfumo na mbinu.

Kwa matumizi ya kawaida, basi, "falsafa ya ushambuliaji" itumike pale tu inapozungumziwa imani ya kocha juu ya hatari na namna ya kufunga. Mpangilio wa wachezaji uitwe mfumo, na hila za mechi ziitwe mbinu. Shabiki anayedai falsafa ibadilishwe anadai jambo zito kuliko anayedai mfumo mpya, na mwandishi anayetafsiri dai lake anapaswa kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalodaiwa.