Somo la Leo: Ukungu Juu ya Jicho

Leo tutasoma historia ya ukungu wa jicho.

Mbele ya jicho pana utando mgumu, mwangavu kama kioo. Ukipata kidonda kikubwa, hupona kwa kovu jeupe, na mwanga haupiti vizuri. Zamani watoto wengi wa Tanzania walipofuka hivyo. Mwaka 1987 madaktari Foster na Sommer walitangaza uchunguzi wao uliofanywa nchini: surua ilikuwa sababu kubwa ya vidonda hivyo, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Dawa za kienyeji zilizotiwa machoni nazo zilidhuru wengine.

Chanjo ilileta nafuu. Mpango wa kuchanja watoto ulianza Tanzania mwaka 1975. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Penye msongamano kama ule surua huenea upesi. Kwa hiyo watoto wa kambi ya Benako walichanjwa.

Kovu hilo huwasumbua hata mabingwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa ng'ambo walianza kuchonga utando huo kwa mwanga wa leza, wapate kuwasaidia wasioona mbali. Baadhi ya wagonjwa walibaki na ukungu.

Basi, mchanje mtoto. Mpe mboga za majani, maembe na mapapai. Jicho likiuma, usilitie majani; nenda hospitali mapema. Kovu la mguu halizuii kutembea, lakini kovu la jicho huzuia kuona.